Wanawake Mia Mbili na Kumi na Wawili

Bangili ya Foibe iliwaka nyekundu hata kabla mwenyewe hajaketi. Aikande alijifanya hakuiona. Alimpokea mtoto, akamvua kofia ya sufu, akamvua soksi, akamtia kwenye kaptura ya kupimia na kumning'iniza kwenye ndoano ya mizani. Anaeli, mwenye wiki saba duniani, akakunja miguu na kulia kwa sauti nyembamba, sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kudai.

Mshale ulisimama kwenye kilo nne kamili.

Aikande akangoja utulie zaidi, kana kwamba mshale ungeona aibu na kusogea. Haukusogea. Kwenye kadi, wiki tatu zilizopita, palikuwa pameandikwa kilo nne na gramu mia mbili. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Ananyonya?" akauliza.

"Ananyonya," Foibe akajibu akitazama sakafu.

"Ananyonya hewa," alisema mama mkwe wake.

Mama Eliaichi alikuwa mwanamke mpana wa miaka sitini na ushei, mwenye sweta la kijani juu ya kanga mbili, na alilikalia benchi la kituo cha afya cha Kisangesa kama vile yeye ndiye aliyelichonga. "Mwulize, daktari. Mwulize mtori wangu anaupeleka wapi."

"Mimi si daktari, mama. Ni afisa lishe."

"Basi ndiyo kabisa! Kila asubuhi nampikia sufuria nzima. Ndizi mchare, nyama yenye mafuta yake, siagi juu. Namwekea chumbani, natoka. Nikirudi nakuta bakuli jeupe. Nikajisifu mpaka kanisani kwamba mzazi wangu anakula. Halafu nikaona kuku wangu wananenepa."

Foibe akainua uso. "Mama..."

"Wote wanashinda chini ya dirisha lako, Foibe. Jogoo amekuwa mzito hata hawiki, anakohoa tu."

Aikande aliuma mdomo asicheke. Lakini Foibe hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono wake mezani, na ile taa nyekundu ilikuwa ikimulika karatasi, kadi, na vidole vya mtoto.

"Nafanyaje, dada?" alisema. "Wiki mbili sijala cha maana na bado haibadiliki. Leo ni siku ya sita ya nyekundu. Kesho ni ya saba."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana ya siku ya saba. Saa nne asubuhi gari jeupe lingepanda kutoka mjini na kumchukua Foibe kwenda Nyumba ya Wepesi, siku thelathini za supu ya majani na kutembea kwenye mkanda wa mashine. Nyumba ya Wepesi haikupokea watoto.

"Mzazi hukaa ndani miezi mitatu," alisema Mama Eliaichi, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Hashiki jembe, habebi ndoo, kazi yake ni kula na kunyonyesha. Mimi nililishwa mpaka nikawa siioni miguu yangu nikisimama. Huyo baba yake Anaeli unayemwona na mabega yale, ametokana na mtori. Leo chuma cha mkononi kinamwambia mkwe wangu kwamba anakula sana? Kimezaa mara ngapi hicho?"

*

Watu walioikumbuka miaka ya kabla ya Kaida hawakuitukana ovyo.

Ilikuwa miaka ya sukari. Karibu kila nyumba mteremkoni ilikuwa na mtu mwenye kisukari au presha, na magongo yaliuzwa sokoni karibu na vitunguu. Ndipo ikaja Kaida na bangili zake. Kila mtu mzima akavaa yake. Bangili ilisoma sukari na mafuta kwenye damu kupitia ngozi, ikakadiria uzito kwa kishindo cha hatua, kisha ikayalinganisha hayo yote na jedwali la miili ya watu wa eneo husika. Kijani, endelea. Njano, punguza. Nyekundu, mgahawa hauruhusiwi kukuhudumia na ghala la kata linakupimia nusu. Katika miaka mitano idadi ya miguu iliyokatwa ilishuka hadi wauguzi wa wodi ile wakahamishiwa kwingine.

Baba yake Aikande bado alikuwa na miguu yake yote miwili. Kila jioni alitembea hadi mtoni na kurudi.

Kwa hiyo Aikande aliipenda Kaida. Aliipenda kama unavyompenda ndugu ambaye unajua jambo baya alilolifanya. Alipobaki peke yake ofisini alifungua kishikwambi, akatafuta Jedwali la Mteremko, sehemu ya wanawake. Hakuhitaji kulitafuta. Alilijua kwa moyo.

*Urefu sentimita 158: uzito wa kawaida kilo 54, kikomo kilo 60. Chanzo: wanawake 212 wa Kisangesa, waliopimwa majumbani, mwezi wa saba.*

Foibe alikuwa na urefu wa sentimita 158. Uzito wake ulikuwa kilo 71.

Wale wanawake mia mbili na kumi na wawili hawakuwa wa Kisangesa. Hawakupimwa majumbani. Aikande alijua kwa sababu yeye ndiye aliyewaandika.

Miaka tisa nyuma, akiwa mwaka wa pili chuoni, darasa lao lilitumwa kukusanya vipimo. Kila mwanafunzi alipewa mizani, rula ndefu na kijiji. Yeye alipewa Kisangesa. Alifika kwenye nyumba ya kwanza, akamkuta mwanamke mkubwa, rika la mama yake, anachambua maharage uani. Aikande akasalimia, akaitikiwa, akakaribishwa kiti. Kisha ikabidi amwambie mtu wa heshima ile avue kanga ya juu, avue viatu, apande kwenye mizani mbele ya mtoto asiyemjua. Alijaribu kusema. Maneno yalitoka vibaya. Mwanamke yule akamtazama, akaitazama mizani, akasema, "Unataka kunipima kama mbuzi wa Krismasi?"

Aikande aliomba radhi, akabeba mizani yake, akashuka mlima akilia. Hakubisha hodi nyumba ya pili.

Bwenini ilikuwa wiki ya mitihani. Wasichana waliishi kwa chai ya rangi na andazi moja la kugawana. Aliwapanga foleni koridoni wakiwa na nguo za kulalia, wakicheka, na alipomaliza akayaandika majina ya mitaa ya Kisangesa mbele ya kila namba. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaa. Lilikuwa zoezi la darasani tu, nani angelisoma?

Miaka minne baadaye waliotengeneza Kaida walizoa vipimo vyote vya vyuo vyote, kwa kuwa havikuwapo vingine.

Aliligundua hilo wiki yake ya kwanza kazini. Alinyamaza. Alijiambia kwamba jedwali ni jedwali, kwamba kilo mbili tatu hazina neno, kwamba angesema mwakani. Na tangu wakati huo alikuwa ameweka dole gumba lake kwenye hati za wanawake tisa waliopelekwa Nyumba ya Wepesi. Alikuwa akiwakumbuka kwa majina. Mmoja, Ndeshi, alirudi akiwa mwembamba na mkimya, na mpaka leo akikutana na Aikande njiani huvuka upande wa pili.

Kishikwambi kikalia. Hati ya kumi: *Foibe Eliaichi Temu. Weka dole.* Asipoweka, gari lingekuja vilevile.

*

"Usiweke dole," alisema Dakta Sifaeli Kweka.

Sura ya mratibu wa Kaida ilikuwa imejaa ukuta wa ofisi, miwani paji la usoni, kikombe mkononi. Aikande alikuwa amemwita kabla woga haujamgeuza nia. Alimweleza yote, bweni na andazi na mbuzi wa Krismasi.

"Usiweke dole," alirudia. "Badilisha urefu. Mwandike sentimita mia na sabini na mbili. Bangili itageuka kijani kabla hajafika nyumbani. Mama atakula, mtoto atanyonya, mwakani tutalirekebisha jedwali kimyakimya. Umeelewa?"

Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba Aikande alihisi mabega yake yakishuka. Tarakimu tatu. Hakuna ambaye angelia.

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Mzazi wa mwezi ujao. Naye nimwandike mrefu? Mteremko mzima tutakuwa na wanawake warefu kama minara, dakta."

Kweka hakutabasamu. "Sikiliza, Aikande. Ukisimama hadharani ukasema jedwali hili ni la uongo, nani ataamini lolote kati ya majedwali mengine? Kesho watu elfu watazikata bangili zao. Wenye sukari. Wenye presha. Unafahamu vizuri kuliko mimi kitakachofuata. Unataka kuhesabu miguu?" Akainama karibu na kioo. "Baba yako anatembea kwa sababu ya Kaida."

Aikande alikuwa mtu wa kukubali. Tangu utoto alikubali: kipande kidogo cha nyama, kiti cha nyuma, zamu ya mwisho.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Baba yangu alianza kutembea mwaka mmoja kabla ya bangili. Nilikuwa nampimia wali kwa kikombe cha chai, kikombe kimoja, na mboga sahani nzima. Tulibishana miezi sita. Alinificha chapati chini ya mto. Nilimpima yeye, dakta. Mwili wake, sukari yake, hasira zake. Bangili ilipokuja ilimkuta keshapona nusu. Mimi siisemi vibaya, inamkumbusha. Lakini Foibe haijawahi kumpima. Imempima msichana mwenye njaa wa wiki ya mitihani, na msichana huyo nimemtunga mimi."

"Kifungu cha kumi na tisa," alisema Kweka polepole, akiwa ameona anakoelekea. "Unakijua?"

Alikijua. Vipimo vingeweza kufutwa na mtu mmoja tu, yule aliyevikusanya, kwa dole lake mwenyewe, akileta vipya vya eneo lilelile visivyopungua idadi ya vya zamani. Mpaka vihakikiwe, eneo hilo halingekuwa na jedwali, na bangili zake zote zingezima. Na aliyekiri kughushi angefutwa kwenye orodha ya maafisa siku hiyohiyo.

"Huna wanawake mia mbili na kumi na wawili," alisema Kweka.

"Kesho ni siku ya soko," alijibu Aikande. Akauzima ukuta kabla hajasikia jibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mkubwa yeyote maishani mwake.

*

Alfajiri alikata jani la isale kwenye ua wa shamba la baba yake. Ni jani refu, la kijani, lisilo na uzuri wa pekee. Lakini mteremkoni hakuna anayelipokea kisha akakataa kusamehe. Watu wamewahi kulipeleka kwa damu iliyomwagika. Aikande hakuwahi kusikia limepelekwa kwa ajili ya takwimu.

Alimkuta Mama Eliaichi uani, anamenya ndizi. Alisalimia, akapiga goti, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Kisu cha Mama Eliaichi kikasimama. "Umemuua nani?"

"Nimewaandika wanawake wa hapa bila kuwapima, mama. Nimetumia jina la kijiji chenu kwa uongo. Hiyo nyekundu ya Foibe inatokana na mimi." Akaeleza. Alipofika kwenye maharage, na kiti, na mizani, Mama Eliaichi akaanza kumkodolea macho.

"Ngoja," alisema. "Kasichana kenye begi la bluu? Kalikuwa kanatetemeka hivi?"

Aikande akamtazama vizuri. Uso ule ulikuwa umenenepa na nywele zilikuwa nyeupe, lakini ua ulikuwa uleule.

"Nilikuwa natania, mwanangu!" alisema Mama Eliaichi. "Nilikwenda ndani kuvaa gauni la ndani lenye heshima nije nipande. Natoka, sikuoni. Nikasema huyu naye, choo kimembana?" Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Alitazama dirisha la chumba cha mkwewe, na kuku waliokuwa wameanza kukusanyika chini yake. "Miaka tisa. Kwa utani wangu na woga wako."

Akalipokea jani.

"Ungeuliza mara ya pili," alisema.

"Nimekuja kuuliza mara ya pili."

Mama Eliaichi akafuta mikono kwenye kanga na kuita ndani kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Foibe! Jipake mafuta. Vaa ile kanga ya manjano. Leo unatoka, tena si kwenda kliniki!"

"Mama, miezi mitatu haijatimia..."

"Haijatimia, najua. Lakini kama wanataka kumchukua mzazi wangu, hawatamchukua chumbani kama mwizi. Watamchukua sokoni, watu wakiona."

*

Soko la Kisangesa ni la wanawake. Saa mbili kasoro, kati ya mafungu ya ndizi na wauza maziwa, Aikande aliweka mizani ileile ya chuoni chini, akasimama kando yake. Walikuwa wengi mno. Ndeshi alikuwa palepale, nyuma ya karoti zake, akimtazama bila kupepesa.

Aikande akavua viatu. Akavua koti la kituo. Akapanda yeye.

"Kilo sitini na tisa," alisoma kwa sauti. Bangili yake, iliyokuwa njano kwa miaka mitatu, ilimulika kifundo cha mkono. "Mimi ni Aikande Mosha. Kila siku nakula nusu ya kile ninachowaambia ninyi mle, ili rangi hii isibadilike. Naomba niwaambie kwa nini. Mkimaliza kunisikia, mnaweza kunipiga."

Alisimulia, jani la isale mikononi mwa Mama Eliaichi likionekana na wote. Hakuna aliyempiga. Mtu akasonya, kisha Ndeshi akatoka nyuma ya karoti. Alikuja hadi mbele yake.

"Siku thelathini," alisema. "Wanangu waliniuliza kama nilikuwa jela."

"Najua."

"Hujui." Akaitupa kanga ya juu begani kwa Aikande, akapanda kwenye mizani. "Soma. Na usome kwa sauti, wanisikie mpaka mjini."

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuomba. Walipanga foleni iliyozunguka soko. Walitaniana, walishikana viuno, walisutana kwa kuingiza tumbo ndani. "Toa hilo boga mfukoni, mama Aichi!" "Si boga, ni mwili wangu, nimeulipia karo!" Kila mmoja alipanda, alipimwa urefu, akasema miaka yake na watoto wake, akaweka kidole kwenye kishikwambi. Aikande aliandika. Alimgusa kila mmoja bega alipokuwa akishuka. Hakutetemeka tena, au kama alitetemeka hakuwa na nafasi ya kuona.

Saa nne kamili gari jeupe likaingia. Kishikwambi kilisomeka mia moja na sabini na sita.

Mwanamke aliyevaa sare ya kijivu akashuka. "Foibe Temu?"

"Yule pale," alisema Mama Eliaichi. Foibe alikuwa ameketi katikati ya soko, kanga ya manjano, mafuta yakimng'aa usoni, Anaeli mapajani. "Mfuate. Ila kuna foleni."

Mwenye sare akaitazama foleni, iliyokuwa imejikunja bila haraka kati yake na Foibe. Akajaribu kushoto. Mwanamke mwenye kapu la parachichi akapiga hatua kushoto. Akajaribu kulia.

"Mimi nina amri," alisema.

"Na mimi nina parachichi," alijibu mwenye kapu.

Mia mbili. Mia mbili na tano. Aikande aliandika mpaka jasho likadondoka kwenye kioo. Wa mia mbili na kumi na moja alikuwa Mama Eliaichi, aliyepanda amevaa gauni la ndani lenye heshima, akatazama mbele kama anapigwa picha.

"Foibe," aliita Aikande.

Foibe akaja. Mwenye sare akamshika mkono, na Foibe akautoa mkono wake, taratibu, kama unavyotoa kanga iliyonasa kwenye msumari. Akapanda.

"Kilo sabini na moja," alisoma Aikande. "Urefu mia na hamsini na nane." Hakuongeza hata sentimita moja.

Kishikwambi kikauliza kama alikuwa na hakika ya kuvifuta vipimo vya zamani. Akaweka dole.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Mama Eliaichi alikuwa ameshamimina mtori kwenye bakuli, na Foibe akalipokea na kunywa, palepale, bangili nyekundu ikimulika ukingo wa bakuli. Alikunywa bila kupumzika, macho yakiwa kwa mwanamke mwenye sare. Alipofika nusu, taa ilizima. Zikazima zote, moja baada ya nyingine, sokoni mwote.

Kwenye kioo cha Aikande kulibaki maneno mawili: *Afisa hatambuliki.*

Mwenye sare alibonyeza simu yake mara tatu, haikumwonyesha amri yoyote tena, akaitazama barabara, akapanda gari. Wanawake wakapiga vigelegele. Aikande hakupiga. Aliwaza juu ya baba yake, yuko nyumbani na bangili iliyokufa, na juu ya wote ambao rangi ile ilikuwa imewashikilia. Kweka hakuwa amesema uongo.

Mzee mmoja alikuwa akija kati ya mafungu ya ndizi, akijikongoja, mkono mbele kama aliyeshika kitu kilichovunjika.

"Binti," alisema. "Mimi nina sukari. Bangili imezima. Sasa nitajuaje cha kula?"

Aikande aliitazama ile bangili nyeusi, kisha akamtazama yeye: macho, midomo mikavu, viatu vilivyolegezwa kamba kwa ajili ya kuvimba. Akavuta kigoda cha Ndeshi, na Ndeshi akamwachia.

"Kaa hapa, baba," alisema. "Vua na viatu nikuone miguu. Tuanze na jana. Jana ulikula nini?"